Panya wa Gari Lililongoja Spea

Panya walihamia katika gari la babangu msimu wa mvua, nao hawakuja kama wageni. Walikuja na jamaa wote, wakagawana vyumba. Waliopenda joto walishika injini. Waliopenda starehe walitoboa kiti cha nyuma na kuchambua sifongo yake mpaka ikawa godoro la kizazi kizima. Mmoja mnene, ambaye naamini ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alichukua dashibodi, kwenye matundu ya kutolea hewa, na kutoka huko alikuwa akitutazama sote tukihangaika. Mvua ilipokwisha hawakuhama. Walikuwa wameshazaa.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni ya zamani, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Linaegeshwa mbele ya nyumba yetu mtaani Jericho, katikati ya kamba za nguo na mtaro wa maji machafu, na nyuma ya gurudumu moja huwekwa jiwe la kulizuia lisirudi nyuma. Jiwe hilo Baba alilichagua mwenyewe. Mtoto akilichukua kuchezea, hurudishwa nalo mlangoni kwetu akiwa ameshikwa sikio, na mamake huomba radhi.

Baba alikuwa dereva wa lori katika kiwanda kimoja cha Industrial Area mpaka alipostaafu. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Dereva, na mamangu ni Mama Dereva. Wazee wa rika lake ndivyo wanavyoitwa hapa kwetu: kuna Karani, kuna Seremala, kuna mmoja aliyechonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii na hadi leo anaitwa Vinyago. Kazi huisha, jina likabaki, na mtu analivaa mpaka azikwe nalo. Ukimwondolea mzee wa Jericho jina la kazi yake, sijui utakuwa umemwachia nini.

Basi Baba alistaafu kiwandani lakini hakustaafu kazi. Kila asubuhi alivaa koti lake la bluu, akapiga viatu rangi, akatoka na ufunguo, akaingia garini, akawasha injini. Iliunguruma, ikakohoa, ikamwaga moshi kwenye nguo za watu zilizoanikwa, na hakuna aliyelalamika. Alipotosheka kwamba injini imepata moto aliizima, akafungua redio kwenye stesheni ya Kikamba, akakaa pale nyuma ya usukani hadi saa ya chakula cha mchana. Saa nne Mama alimpelekea chai na mandazi, au viazi vitamu, au mahindi ya kuchemsha. Aligonga kioo kwanza. Hangeweza kumkatiza mtu aliye kazini bila kugonga. Na mgeni akiuliza Dereva yuko wapi, Mama alijibu bila hata kutabasamu, "Yuko kazini."

Gari halikuwa likienda popote. Lilikuwa likingoja spea.

Hili la spea lahitaji maelezo. Baba ana presha ya macho. Daktari alimweleza hivyo, akampa dawa ya matone, akamwambia asiendeshe tena gari. Dawa alikuja nayo nyumbani, lile la kutoendesha aliliacha hukohuko hospitalini. Baada ya muda, akirudi kutoka kanisani Jumapili moja, aliingia na gari moja kwa moja katika kibanda cha mama anayeuza mboga mkabala na nyumba yetu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia ila sukuma wiki na kreti moja ya nyanya. Baba alishuka, akanyoosha koti, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekosewa, "Nani amesogeza hiki kibanda?"

Mama wa mboga ni mtu wa Murang'a, na kibanda chake kilikuwa mahali palepale tangu kabla sijazaliwa. Alimtazama Baba. Akazitazama nyanya. Nilingoja amtolee maneno ya sokoni, kwa sababu anayo mengi na huwa hayafungii. Lakini alisema tu, "Ni mimi, Dereva. Nilikisogeza kidogo. Unisamehe."

Hapo ndipo uongo ulipoanzia, na ulianza kwa heshima. Baba aliegesha gari, akaweka jiwe lake, akatangaza kwamba usukani una shida na kuna spea inatakikana. Sote tukaitikia. Spea gani, hakuna aliyeuliza. Inatoka wapi, hakuna aliyetaka kujua. Mtaa mzima ukajiunga katika kungoja. Watu wakipita asubuhi walimwamkia, "Shikamoo Dereva, spea bado?" naye akajibu, "Bado, lakini wiki hii," na wakaenda zao wameridhika.

Kinachochekesha ni kwamba nyumbani mwetu kulikuwa na dereva mwingine, mwenye leseni na macho mawili mazima. Mimi. Nasambaza mikate ya kampuni moja kwa kigari cha mizigo. Naondoka alfajiri, narudi watu wanapokunywa chai ya saa nne. Naendesha kila siku kutoka Industrial Area hadi Majengo, napita katikati ya mikokoteni na wachuuzi wa soko la Gikomba ambao hawatambui kwamba barabara ni ya magari. Lakini gari la Baba sijawahi kuligusa. Kwake yeye kuna watu wa aina mbili: dereva na tanboi. Tanboi ni yule anayekaa kushoto kwenye lori, anayeruka chini kuelekeza gari likirudi nyuma, anayetia jiwe chini ya gurudumu na kugonga bodi kumwambia dereva twende. Maisha yake yote Baba aliwatuma matanboi na kuwakemea. "Kiti cha kushoto ni cha tanboi," alituambia tangu utotoni, na sisi sote tulikua tukikaa kiti cha nyuma ili tusitumwe. Kigari changu cha mikate alikiita kikebe.

Siku ya panya wa kwanza, Baba alifungua redio, na panya akatoka kwenye tundu la hewa, akapita juu ya dashibodi polepole kama mtu anayekwenda dukani. Baba hakupiga kelele, kwa maana Baba hapigi kelele. Alizima redio, akashuka, akaja mlangoni, akamwambia Mama, "Kuna abiria."

Dawa ya panya kwenye gari ni moja na kila mtu anaijua. Gari litembee. Kigari changu kina makombo ya mkate katika kila kona, kinanuka unga na siagi kutoka mlangoni hadi mlangoni, na sijawahi kuona panya ndani yake, kwa sababu panya akianza tu kutandika kitanda anajikuta mtaa mwingine, Buruburu. Gari likisimama mahali pamoja, likapashwa moto kila asubuhi, likaletewa mandazi saa nne, hilo si gari tena, ni hoteli. Nililijua hilo. Mama alilijua. Mama wa mboga alilijua. Lakini kulisema ni kumwambia Baba kwamba gari halitembei, na kumwambia gari halitembei ni kumwambia hakuna spea, na ukishasema hakuna spea umemvua koti la bluu mbele ya watu. Kwa hiyo Jericho yote ikaanza kutafuta dawa nyingine.

Mama alianza na ugoro. Alisema huko kwao walinyunyiza ugoro ghalani na panya wakapiga chafya hadi wakahama. Alichukua kikopo cha Baba bila ruhusa, akamwaga nusu kwenye injini. Siku iliyofuata Baba alipowasha gari, feni iliupeperusha wote, na waliopiga chafya ni sisi na watu waliokuwa wakisubiri maji bombani. Baba aliuomboleza ugoro wake kwa uchungu kuliko kiti cha nyuma.

Mama wa mboga alileta pilipili, zile ndogo kali, akazitwanga mwenyewe na kuzimimina kwenye mifereji ya boneti. Panya walizila. Siongezi chumvi. Tulikuta maganda. Grupu la mtaa kwenye simu likatuma ushauri usiku na mchana: nafthalini, sabuni ya kipande, majani ya mwarobaini, nywele za kinyozi, picha ya nyoka. Jirani mmoja alituazima paka wake, mnyama mkubwa mwenye sikio lililopasuka ambaye alisifiwa kwa ukatili. Tulimfungia garini. Asubuhi tulimkuta amelala kwenye kiti cha dereva, ameshiba mandazi, na Baba amesimama nje akingoja amalize.

Kisha kikundi cha maombi cha Mama kikaja kwa zamu yake ya kukutana nyumbani kwetu, na mmoja wao, mama mwenye sauti ya kufungua mabati, akasema hili jambo halitaki nafthalini, linataka magoti. Wakalizunguka gari, wakaliwekea mikono, wakawakemea panya wote, wa kuonekana na wasioonekana. Waliposema amina, yule mwenyekiti alitoka chini ya wipa, akasimama juu ya boneti akanawa uso. Mikono ikaondoka kwenye gari kwa haraka. Mimi nilikimbilia ndani kucheka, na Mama hakunisemesha hadi jioni.

Nilimleta fundi, kijana wa gereji ya kando ya barabara ambaye hutengeneza kigari changu. Alifungua boneti, akapiga mluzi.

"Siste, hawa wasee wamemanga waya za taa, wametafuna zote. Sasa wameanza hii ya kwenda kwa betri."

"Dawa yake ni nini?"

"Zii, dawa ni moja tu. Hii ndai ya mzee inafaa tu itoke—"

Akainua macho, akamwona Mama amesimama mlangoni na mwiko, akimtazama. Upande wa pili Baba alikuwa nyuma ya usukani, redio chini, masikio juu. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa.

"Inafaa itolewe vumbi," akasema, "halafu tuweke vitambaa vya dizeli."

Tukaweka vitambaa vya dizeli. Panya wakavitumia kama mapazia.

Nilijaribu sumu vilevile. Nilinunua kwa yule mtu anayepita na spika mgongoni, sauti iliyorekodiwa ikiimba panya, mende, kunguni, viroboto bila kupumzika hata kumeza mate. Sumu hiyo iliua panya mmoja, na huyo mmoja alichagua kufia mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki. Kwa siku kadhaa gari lilinuka hadi nzi wakajipanga. Baba aliendelea kwenda kazini na kitambaa puani. Mama aligonga kioo, akapitisha chai, akarudi mbio.

Ndipo nikaleta gundi. Gundi ya panya huja imepakwa juu ya ubao, na huu ulikuwa wa manjano, manjano ya kuumiza macho, mkubwa kama sahani ya wali. Niliuweka chini mbele ya kiti cha dereva, karibu na pedali, mahali tulipokuwa tumeona mavi mengi. Tukila chakula cha jioni nikamwambia Baba waziwazi: "Baba, nimetega gundi pale kwenye pedali. Kesho uangalie kabla hujaingia. Ukiona panya, uniite."

"Nitaangalia," akasema. "Kwani mimi kipofu?"

Mama akaongeza mboga kwenye sahani ambayo haikuwa na nafasi.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini mapema, mikate ilikuwa michache. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba za nguo, hatua chache tu kutoka kwa gari, wakati Baba alipotoka na koti lake na viatu vinavyong'aa. Hakuniona. Alifungua mlango wa gari. Akainama, akashika magoti, akatazama chini, mahali hasa ulipokuwa ule ubao, akatazama kwa muda kama mtu anayekagua. Jua lilikuwa linaupiga. Mimi niliuona kutoka nilikosimama.

"Hakuna kitu," akasema peke yake. Akainua mguu, akaukanyaga.

Nitasema ukweli, nilicheka. Nilicheka kwa sababu aliingia, akakaa, akajaribu kukanyaga klachi, na ubao ukainuka na kiatu, akajaribu kuubandua kwa kiatu kile kingine, na sasa vyote viwili vikawa vimeshikwa pamoja, na Dereva, mtu aliyeshusha lori lenye mzigo Mombasa na kulirudisha bila mkwaruzo, amefungwa miguu kama kuku wa sokoni. Nilicheka hadi nilipofika mlangoni. Kisha nikauona uso wake, nikaacha kucheka.

Mama ndiye aliyesema niende nikalete mafuta ya kupikia, gundi huachia kwa mafuta. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamwaga mafuta kwenye viatu alivyovisugua asubuhi yote, nikaanza kubandua polepole. Baba alikuwa anatazama mbele, kupitia kioo, kana kwamba kuna barabara.

"Ilikuwa ya rangi gani?" akauliza.

"Manjano, Baba."

"Manjano," akasema.

Siku iliyofuata hakwenda kazini. Wala iliyofuata hiyo. Koti lilining'inia kwenye msumari. Viatu Mama alivifunga kwenye gazeti na kuvisukuma chini ya kitanda. Baba alilala ameelekea ukutani, na akiulizwa anaumwa nini anasema si kitu, mwili tu. Redio haikufunguliwa. Ilipofika saa nne Mama alimpelekea chai chumbani, na hakugonga, kwani mlango haukuwapo, ni pazia tu. Akarudi jikoni na kikombe kilekile kimejaa, akasimama akikitazama, na nikajua analia ingawa alikuwa amenipa mgongo.

Nje asubuhi zilikuwa kimya. Sikuwa nimetambua ni watu wangapi waliotumia ule mngurumo kama saa. Mama wa mboga alikuja mlangoni akiuliza kwa sauti ya chini, "Mama Dereva, mzee yuko sawa?" Mama akajibu yuko sawa, anapumzika kidogo, anangoja spea. Yule mama akashika kidevu, akaondoka. Na panya sasa, walivyoona injini haiwashwi wala mlango haufunguliwi, wakaanza kutembea juu ya gari mchana kweupe. Nilimwona mwenyekiti amekaa kwenye kioo cha pembeni.

Niliogopa. Nimewaona wazee wa mtaa huu wakilala hivyo, wameelekea ukutani, na nimekwenda katika matanga yao. Hakuna ugonjwa ulioandikwa popote. Jina lilitoka kwanza, mtu akafuata. Panya hawakuwa shida yangu tena. Nilitaka babangu ainuke.

Sikuwa na mpango. Niliingia chumbani nikiwa na hasira, hasira kwake, kwa panya, kwa adabu zetu zote, nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, gari linaliwa."

"Weka sumu."

"Niliweka. Walikula wakaomba maji ya kuteremshia."

Bega lake lilitikisika kidogo. Sikujua kama ni kucheka.

"Baba, kile kikebe changu kina makombo kila mahali. Unga, siagi, kila kitu. Hakina panya hata mmoja. Unajua kwa nini?"

Nilisikia Mama ameacha kukoroga kitu jikoni.

"Kwa sababu kinatembea," Baba akauambia ukuta.

Hakuna mtu aliyekuwa amelisema katika nyumba ile, na aliyelisema ni yeye.

"Hakuna spea inayokuja," akasema.

"Najua, Baba."

"Mama yako anajua?"

"Mtaa mzima unajua."

Akageuka sasa, akanitazama, au akatazama mahali sauti yangu ilipotoka. "Hata mama wa mboga?"

"Yeye ndiye alikuwa wa kwanza."

"Lakini alisema alikisogeza." Akafikiri. "Yule mama anajua kudanganya."

Akatia mkono chini ya mto, akatoa ufunguo. Hakunipa mara moja. Aliushika, akaupapasa meno yake kwa kidole gumba, nami nikatazama pembeni, kwenye msumari wenye koti. Kisha akauweka mkononi mwangu na kuukunja mkono wangu kwa nguvu.

"Ukinichomea klachi," akasema, "utatembea kwa miguu hadi siku ya kiama."

Fundi alikuja akafunga waya mpya. Hakuuliza kitu, na akiondoka alinipigia saluti. Nami nikafagia sifongo, mavi, vitambaa, maganda ya pilipili na mabaki ya marehemu wa sumu. Asubuhi iliyofuata Baba alivaa koti. Viatu vilikuwa na doa la mafuta ambalo halitoki tena. Alitoka, akaenda kwa mazoea hadi mlango wa kulia, akashika kitasa chake, akasimama.

Watu bombani waliacha maji yakafurika. Mtu aliyekuwa akikamua shati aliendelea kulikamua ingawa lilikuwa limekauka. Baba alisimama pale hadi nikadhani atarudi ndani. Kisha akaachilia kile kitasa, akaweka kiganja juu ya boneti, akalizunguka gari akiligusa, taa, pembe, taa ya pili, hadi mlango wa kushoto, akaingia, akafunga. Alichukua muda kuupata mkanda. Hakuwahi kuufunga akiwa upande huo.

Tulipofika Jogoo Road kitu kiliruka kutoka chini ya boneti, kikatua kwenye lami, kikasimama katikati ya magari kikitazama huku na huku. Alikuwa mnene.

"Nini hicho?" Baba akauliza.

"Abiria ameshuka."

Akacheka. Alicheka hadi akatoa kitambaa. Kisha akakaa wima, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haikuwepo kila nikikaribia gari la mbele, akaanza kazi ya kunilaumu: gia ya tatu hiyo, unaisikia inalia, usishike usukani kama mwiko, nani aliyekupa leseni. Niliacha aseme. Tulipoingia Industrial Area sauti yake ikawa nyingine.

"Niambie kilicho mbele."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwomba hivyo mtu yeyote. Nikamwambia. Mkokoteni wa mahindi upande wa kushoto. Vibarua wamekaa kando ya ukuta wakingoja kuitwa. Lori linatoka langoni. Shimo, kubwa, limejaa maji.

"Shimo hilo nalijua," akasema. "Pita kulia, lakini taratibu, kuna lingine dogo baada yake, limejificha."

Sikuliona. Nilipita taratibu, na lilikuwepo.

Tulizunguka hadi lango la kiwanda chake, tukapita bila kusimama, tukarudi. Jericho walikuwa wanatungoja bila kuonyesha kwamba wanatungoja. Nilipotaka kuingia mahali petu kwa nyuma, kati ya kamba na mtaro, Baba alifungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa, akashuka. Akaenda nyuma akiburuza kiganja kwenye bodi, akasimama pale pabaya kabisa, kwenye njia ya gari, akainua mkono.

"Kuja! Kuja! Kuja!" akaita, kwa sauti ambayo wale matanboi wake lazima waliitumia, akinielekeza mahali asipopaona. "Kata kushoto! Kuja!"

Mimi nilitazama vioo vyangu na kumtii yeye. Nilikanyaga breki alipopiga bodi. Kwenye kioo nilimwona mama wa mboga akinyanyua kreti zake na kukivuta kibanda chake nyuma kwa mikono miwili, na safari hii alikisogeza kweli.

Baba akainama. Alipapasa ardhi, akalipata jiwe, akapapasa gurudumu, akalisukuma jiwe mahali pake kwa kiatu chenye doa. Akajipangusa mikono kwenye koti.

"Dereva, mmerudi salama?" mama wa mboga akaita.

"Dereva yuko ndani, anafunga madirisha," Baba akamjibu. "Mimi ni tanboi wake."